Kiharusi chenye alama ya kuuliza

Ukifunua faili la mgonjwa katika wodi ya magonjwa ya ndani, iwe Iringa, Njombe au Mbeya mjini, hutakawia kukutana na herufi tatu, CVA, zikiwa na alama ya kuuliza mbele yake. CVA ndiyo namna matabibu wetu wanavyofupisha kiharusi wanapoandika. Ile alama ya kuuliza maana yake ni: nahisi hivyo, sijathibitisha. Ndugu wakiuliza hali wanajibiwa, "Mzee amepata kiharusi," na alama inabaki kwenye karatasi. Mpaka habari ifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, imeshakuwa kiharusi kamili kisicho na swali, na shangazi mmoja ameshamtaja aliyekisababisha.

Sasa chukua wagonjwa wawili waliolala vitanda jirani. Wote mkono na mguu wa kulia havina nguvu, wote ulimi mzito. Mmoja ameandikiwa kiharusi cha kuziba mshipa, kimethibitishwa. Mwenzake ameandikiwa anahisiwa. Watafiti wakija kuhesabu wanawaweka kwenye safu mbili na kuzilinganisha: umri, presha, sukari, nani amepona, nani amefariki. Hizo safu mbili zinatenganishwa na nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba huyu anaumwa kiharusi na yule pengine haumwi. Hilo ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki iko kwenye saa, barabarani na mfukoni, na ndiyo inayosahauliwa kila matokeo yanaposomwa.

Mshipa unapoziba

Kiharusi kina aina mbili kubwa. Kipo kinachotokea mshipa wa damu unapoziba, na kipo kinachotokea mshipa unapopasuka damu ikavujia ndani ya ubongo. Cha kuziba ndicho kingi zaidi duniani, ingawa Afrika kusini mwa Sahara wanaovujia damu ni wengi kwa uwiano kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa inachangia sana. Utafiti mkubwa wa Nijeria na Ghana uliochapishwa 2018, ambao wagonjwa wake 2118 wote walithibitishwa kwa picha za ubongo za mashine ya CT (ya mionzi) au MRI (ya sumaku), ulikuta takriban asilimia 68 ni wa kuziba.

Anayeyajua mashamba ya mpunga ya Usangu, kule Mbarali, ataelewa upesi kinachotokea. Mfereji ukiziba, jaruba lililokuwa likitegemea mfereji huo peke yake linakauka kwanza. Majaruba ya pembeni, yanayopata maji kidogo ya kuvujia kutoka kwa jirani, yananyauka lakini hayajafa, na ukiuzibua mfereji mapema yanarudi kuwa kijani. Katika ubongo, sehemu iliyokuwa ikitegemea ule mshipa peke yake inakufa ndani ya dakika chache. Sehemu inayoizunguka inaendelea kuishi kwa saa kadhaa kwa damu ya mishipa jirani, imelemaa lakini ni hai. Matibabu yote ya haraka ya kiharusi cha kuziba yanaikimbilia sehemu hiyo. Jeffrey Saver, daktari wa Marekani, alipiga hesabu mwaka 2006 akaonyesha kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, mgonjwa wa kawaida hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu ipo. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 muda huo ukasogezwa hadi saa 4 na nusu. Lakini dawa hiyohiyo ukimpa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Ndiyo maana kabla ya kuitoa lazima kwanza ijulikane kama ni kuziba au kuvuja, na kwa kumtazama tu mgonjwa huwezi kujua kwa uhakika. Wapo waliojaribu. Mwaka 1991 madaktari wa hospitali ya Siriraj, Thailand, walitoa kanuni ya hesabu inayochukua kiwango cha fahamu, kutapika, kuumwa kichwa, namba ya chini ya kipimo cha presha na historia ya magonjwa ya mishipa, kisha inatoa jibu: kuvuja, kuziba, au haijulikani. Kanuni hiyo bado inatumika pasipo mashine, lakini ilipolinganishwa na CT katika hospitali za Afrika haikufikia kiwango cha kuaminiwa peke yake.

Kipimo kimetoka safi

CT ni mashine ya mionzi inayoupiga ubongo picha tabaka kwa tabaka. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine hiyo London, tarehe 1 Oktoba 1971, na mvumbuzi wake Godfrey Hounsfield akapata Tuzo ya Nobel 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Huku kwetu kwa muda mrefu ilikuwa ni habari ya Dar es Salaam. Miaka ya karibuni Serikali imezisambaza mashine hizi hadi hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo mtu wa Iringa hahitaji tena kuteremka Kitonga kuifuata picha ya kichwa.

Hapa ndipo ugomvi wa ndugu na hospitali unapoanzia mara nyingi. Familia imechangishana, mzee ameingizwa kwenye mashine, majibu yametoka: hakuna kilichoonekana. "Tumetoa hela yote hii, wanasema hamna kitu, na mzee hata kijiko hashiki!" Hasira hiyo ninaielewa. Wanachokuwa hawajaelezwa ni kwamba CT huiona damu iliyovuja mara moja, inang'aa nyeupe kwenye picha, lakini ubongo uliokosa damu kwa saa chache za mwanzo mara nyingi hufanana na ubongo mzima. Doa la kiharusi cha kuziba hujitokeza taratibu, pengine baada ya saa 6, pengine kesho yake. Likiwa dogo, au likiwa nyuma chini karibu na kisogo, linaweza lisionekane kabisa.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliweka jambo hili wazi. Watu 356 waliofika hospitali wakihisiwa kiharusi walipigwa picha kwa CT na kwa MRI, wote. MRI ilikiona kiharusi kipya cha kuziba kwa watu 164. CT ilikiona kwa watu 35. Ni watu walewale, siku ileile. Kama hospitali hiyo ingekuwa na CT peke yake, na kama "kuthibitishwa" kungemaanisha "kumeonekana kwenye picha", zaidi ya watu 120 wangehamishwa kutoka safu ya waliothibitishwa kwenda safu ya wanaohisiwa bila chochote kubadilika vichwani mwao.

Kwa hiyo ukisoma mahali popote kwamba mgonjwa "amethibitishwa" kuwa na kiharusi cha kuziba, uliza amethibitishwa kwa njia gani. Wapo walioonekana doa kwenye picha. Wapo walioonwa na daktari mwenye uzoefu, dalili zote zikaelekea kiharusi, na CT ikatumika tu kuhakikisha hakuna damu iliyovuja wala uvimbe. Wote huitwa waliothibitishwa, na kwa maoni yangu ni haki, ili mradi iandikwe nani ni nani.

Na usidhani kuthibitisha kwa picha ndiyo njia ya tangu zamani. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani yaliyotumika kwa miongo mingi hayataji mashine: ni dalili za ghafla za sehemu ya ubongo kushindwa kufanya kazi, zinazodumu zaidi ya saa 24 au kusababisha kifo, bila sababu nyingine inayoonekana zaidi ya mishipa ya damu. Hizo saa 24 zilikuwa uzio wa kutenga kiharusi na kile kinachopita chenyewe, mdomo ukapinda na kurudi, mkono ukafa ganzi na kuamka. Wengi wakishapona hivyo hurudi shambani wakishukuru. Lakini katika watu 1707 wa namna hiyo waliofuatiliwa California, ripoti yao ikatoka mwaka 2000, zaidi ya mmoja katika kila 10 alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao ndani ya siku 2 za kwanza.

Vinavyofanana na kiharusi

Twende upande wa pili: wanaohisiwa ambao kweli si kiharusi. Ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Huko Edinburgh, Uskoti, utafiti uliochapishwa 2006 ulikagua matukio 350 yaliyoletwa hospitali kama kiharusi, na 109 kati yake, karibu theluthi, yalikuwa mambo mengine. Na hiyo ni hospitali yenye kila mashine.

La kwanza kufikiriwa ni sukari kushuka, kwa sababu ndilo la haraka kulitibu na ni aibu kubwa likikosewa. Mzee wa kisukari amemeza kidonge chake cha glibenklamidi asubuhi, hamu ya kula hana, mchana anakutwa upande mmoja umelegea na anaongea vitu visivyoeleweka. Ukimchoma kidole, sukari iko chini. Akiwekewa glukosi kwenye mshipa, mara nyingi anaamka ndani ya dakika chache akiuliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Kipimo hicho kinapatikana hata kwenye vituo vya afya vidogo, na hakuna mtu anayepaswa kuandikiwa rufaa ya kiharusi kabla hajapimwa.

Kifafa ndicho kinachofuata. Baada ya degedege, sehemu ya ubongo iliyofanya kazi kupita kiasi inachoka, na mkono au mguu unaweza kukosa nguvu kwa dakika, kwa saa, hata siku nzima na zaidi, kisha unarudi. Daktari Robert Bentley Todd alilieleza hilo London mwaka 1849. Kama hakuna aliyeiona degedege yenyewe, mfano mtu anaishi peke yake na amekutwa asubuhi, daktari anabaki kuona mkono uliolala tu.

Hapa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu yetu ya kulifikiria hili kwa uzito. Ufugaji wa nguruwe umeshamiri, kuanzia Mbozi hadi vijiji vya Mbeya, na pamoja nao minyoo ya tegu. Watu wengi wanaamini anayepata tegu wa ubongo ni yule aliyekula kitimoto kisichoiva. Njia yenyewe imepinda zaidi. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu bila kuiva anapata mnyoo wa tumboni. Mnyoo huo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, na yeyote anayeyameza mayai hayo kupitia mikono, mboga au maji, awe anakula nguruwe au hajawahi kumgusa maishani, ndiye vifuko vinavyoweza kwenda kukaa kwenye ubongo wake. Vikikaa huko huleta kifafa, na kifafa huleta ule udhaifu wa Todd. Kinachozidi kuyachanganya mambo ni kwamba vifuko hivyohivyo vinaweza kuvimbisha mishipa ya damu ya ubongo na kusababisha kiharusi cha kweli.

Halafu kuna VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa mikoa yenye tarakimu hizo, kijana wa miaka 35 anayeletwa akiwa amepooza upande mmoja hawezi kuangaliwa kama kijana wa Edinburgh. Kinga ikishuka sana, kijidudu cha toksoplasma kinaweza kujenga uvimbe ndani ya ubongo, na upande wa mwili ukalegea sawasawa na kiharusi. Tofauti iko kwenye mwendo: huyu alianza na kichwa kuuma, homa, kusahausahau, na udhaifu ukaongezeka siku hadi siku. Tiba yake ni vidonge vya kotrimoksazoli, vilevile wanavyoviita Septrini, kwa dozi kubwa. Mgonjwa kama huyo akiachwa na jina la kiharusi, akapewa aspirini na mazoezi ya viungo, anakufa kwa ugonjwa unaotibika kwa dawa ya bei nafuu. TB ya utando wa ubongo nayo inajificha hivyohivyo.

Tena usikimbilie upande mmoja. VVU yenyewe huongeza hatari ya kiharusi halisi. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mjini Blantyre, utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kwa wenye umri wa miaka 45 kushuka chini, VVU ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha kiharusi, na miezi 6 ya mwanzo ya dawa za kufubaza virusi ilikuwa na hatari ya pekee. Ndiyo kusema majibu ya damu hayamalizi swali. Hapo picha ya kichwa ina kazi kubwa kuliko kwa mzee wa miaka 75 mwenye presha ya siku nyingi.

Mengine nayapitia kwa ufupi. Damu inayokusanyika taratibu kati ya ubongo na fuvu baada ya kuanguka, labda kwenye bodaboda, labda bafuni, wiki kadhaa zilizopita na kila mtu ameshasahau: hiyo inatolewa kwa upasuaji na mtu akarudi kazini. Uvimbe wa saratani. Kipandauso cha aina inayolegeza upande. Msongo mzito wa mawazo unaojionyesha kwenye viungo, ambao ni ugonjwa wa kweli na haupaswi kuitwa maigizo. Na uso kupinda peke yake, ambao huku kwenye baridi watu husema mtu amepigwa na upepo. Mshipa wa fahamu wa uso ukivimba, upande mzima unalala: jicho halifungi na paji la uso halikunjiki. Kwenye kiharusi mara nyingi paji la uso linaendelea kukunjika, mdomo ndio unaokwenda upande. Ni dalili nzuri sana, ila muachie daktari aisome.

Kiharusi kinachofanana na kitu kingine

Ndugu wa wagonjwa huhofia zaidi kuambiwa kiharusi wakati si kiharusi. Mimi nahofia kinyume chake. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuja kama kizunguzungu kikali, kutapika na kutembea kwa kupepesuka, mkono na mguu vikiwa na nguvu zake zote. Mwone mtu huyo jioni, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, Iringa vijijini, halafu uniambie nani atamfikiria kiharusi. Kingine kinanyang'anya maneno tu: mama anaongea kwa ufasaha, sauti yake ileile, lakini maneno hayaungani. Ataambiwa amechanganyikiwa, au mapepo, na ataanzia kwenye maombi au kwa mganga. Akifika zahanati akiwa na joto kidogo atapimwa malaria. Watu hawa hawamo kwenye safu yoyote kati ya zile mbili, maana hakuna aliyewahisi.

Kupunguza makosa ya pande zote, madaktari wana kanuni fupi za kuhesabu. Inayojulikana sana kwenye vyumba vya dharura ni ROSIER, iliyotoka Newcastle, Uingereza, mwaka 2005. Unapima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 3.5 (mmol/L) unaitibu, kisha unaanza upya. Halafu unaongeza alama moja kwa kila kimoja: udhaifu wa uso, wa mkono, wa mguu, tatizo la kuongea, upande wa kuona kupotea. Unatoa moja kama mtu alizimia, unatoa moja kama alipata degedege. Jumla ikizidi sifuri, mchukulie ni kiharusi. Angalia ilivyo: haihitaji umeme wa mashine yoyote zaidi ya kile kipimo cha kidole.

Edinburgh nao walitoa jambo la kushika. Kimojawapo kilichowatenga wenye kiharusi halisi kilikuwa cha kawaida mno: walijua saa. Kiharusi huja ghafla, kwa hiyo mgonjwa au ndugu anaweza kusema, "Ilikuwa saa mbili asubuhi, alikuwa anakunywa chai." Dalili zilizokuwa upande mmoja wa mwili nazo zilielekeza huko. Waliokuwa na usahaulifu wa siku nyingi, au dalili nyingine zisizo za mishipa wala neva, mara nyingi walikuwa na kitu kingine.

Barabara ya kufikia picha

Sasa turudi kwenye safu zetu mbili. Mzee wa Sae, Mbeya mjini, anaanguka saa kumi na mbili asubuhi. Mwanawe ana gari. Saa mbili wako Hospitali ya Rufaa ya Kanda, saa tatu amepigwa CT. Picha ni safi, kama inavyotarajiwa kwa kiharusi chenye umri wa saa tatu tu. MRI haikufanyika. Ameandikiwa anahisiwa.

Siku hiyohiyo, mzee wa kijiji cha ndani huko Chunya anaamka mkono hauinuki. Familia inasubiri kwanza, labda amelalia vibaya. Mchana wanatafuta bodaboda hadi zahanati, zahanati inawaelekeza kituo cha afya, usiku unaingia, gari la wagonjwa limeenda na mama mjamzito. Anafika Mbeya siku ya pili jioni. CT yake inaonyesha doa jeusi wazi kabisa. Amethibitishwa.

Wa tatu, jirani wa huyo wa Chunya, alianguka, akakoroma, akafariki kabla ya usafiri kupatikana. Hakuna faili.

Wazee hawa nimewatunga, lakini hesabu yake ni ya kweli. Aliyewahi amekosa uthibitisho kwa sababu aliwahi. Aliyechelewa ameupata kwa sababu alichelewa, na kwa sababu doa lake ni kubwa. Ukiwalinganisha bila kujua hayo utasema: waliothibitishwa wana hali mbaya kuliko wanaohisiwa, kwa hiyo wengi wa wanaohisiwa hawakuwa na kiharusi. Inawezekana. Inawezekana pia unapima umbali wa kutoka Chunya. Mahali pengine mzani unaelemea upande mwingine: wanaothibitishwa ni wenye bima na wenye watoto mjini, wanapona vizuri zaidi, na tunaisifu mashine kwa kazi iliyofanywa na mfuko.

Tanzania imewahi kuhesabu hata wale wasio na faili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi uliofanyika Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini ulikuwa ukiwafuata ndugu wa marehemu na kuwauliza alivyoanza, alivyougua, kisha madaktari wakakisia sababu ya kifo. Baadaye, kati ya 2003 na 2006, utafiti mwingine uliwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi mitaani na vijijini, Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilipata wagonjwa 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 108.6. Tarakimu ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa za juu kabisa zilizowahi kuandikwa. Kazi hizo zisingewezekana kama watafiti wangesema asiye na picha hahesabiwi. Nyanda za Juu Kusini hazikuwamo katika zote mbili.

Wakati swali halijajibiwa

Mgonjwa hawezi kusubiri alama ya kuuliza ifutwe. Bahati ni kwamba mengi yanayookoa maisha katika siku za kwanza hayahitaji uthibitisho. Kupima sukari nimeshasema. Kutomlisha kwa kinywa kabla mtu hajaangalia kama anameza ni jingine, na huku ndiko tunakowaumiza wagonjwa kwa upendo: uji unaomwagiwa mdomoni mtu asiyemeza unaishia kwenye mapafu.

La presha linashangaza wengi. Kama ni kuziba, na ile dawa ya kuyeyusha bonge haitolewi, madaktari kwa kawaida huiacha presha juu siku za mwanzo, isipokuwa ivuke 220 kwa 120, maana ndiyo inayosukuma damu kuelekea sehemu iliyonyauka. Kama ni kuvuja, wanaishusha mapema. Kwa hiyo yule jirani anayekuja na vidonge vyake vya presha ampe mgonjwa "imshuke haraka" anacheza kamari na ubongo wa mtu.

Aspirini nayo inategemea jibu lilelile, ingawa hofu yake ni kubwa kuliko ushahidi. Mwaka 1997 tafiti mbili kubwa, zikiwa na takriban wagonjwa 40,000 kwa pamoja, zilionyesha kwamba ikianza mapema kwenye kiharusi cha kuziba inaepusha kiharusi kingine au kifo kwa watu kama 9 katika kila 1000. Ndani ya tafiti hizo waliingia kimakosa watu 773 waliokuwa na kiharusi cha kuvuja, na walipolinganishwa, waliopewa aspirini hawakuonekana kudhurika zaidi. Matokeo hayo yanampa pumzi daktari wa hospitali ya wilaya isiyo na CT. Hayampi ruhusa mtu wa nyumbani kummezesha mgonjwa asiyejulikana kama anameza.

Ndugu anayemsindikiza mgonjwa ana kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza: kuitaja saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Kama aliamka akiwa hivyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyoagana na watu kwenda kulala. Beba dawa zake zote, pamoja na zile za kienyeji na zile alizoficha. Sema kama alianguka mwezi uliopita. Sema kama kuna mtu aliiona degedege. Kama anatumia dawa za kufubaza virusi na hataki wengine wajue, mnong'oneze daktari.

Na siku ya kuruhusiwa, kabla hamjaondoka, mwombeni daktari aandike kwenye ile karatasi kilichopatikana na kilichokosekana: kuziba kulikoonekana kwenye picha, kuziba kwa dalili tu, kuvuja, au haijulikani kwa sababu CT haikufanyika. Baada ya miezi mitatu mgonjwa atakuwa kwenye zahanati ya kijijini kwao Makete, mbele ya tabibu ambaye hajawahi kumwona, dawa zimeisha na anataka aongezewe. Tabibu huyo ataamua aspirini iendelee au isimame kwa kusoma mstari huo mmoja.